Nani Abaki na Bimkubwa

Sogeeni karibu. Kisa nilichonacho leo hakina zimwi wala mfalme. Kina mashine moja kuukuu, mafundi watatu wenye vipaji, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri damu. Sikilizeni mpaka mwisho, maana mwishoni nitawauliza, na aliyesinzia hatakuwa na cha kunijibu.

Katika mji wa Mwakindo palikuwa na benki ya damu. Vituo vyote vya afya vya mkoa vilitegemea seva yake, yaani ile kompyuta kubwa iliyojua kila mfuko wa damu ni wa kundi gani na uko kwenye jokofu la kituo gani. Wafanyakazi waliibatiza jina la Bimkubwa, kwa sababu ilikuwa na umri, ilikuwa na heshima zake, na ikichoka haikubali kuharakishwa. Siku za karibuni ilikuwa inachoka mno. Dokta Mwombeki, mkuu wa benki, akaona Bimkubwa anahitaji zana ya kufuatilia utendaji wake, programu ya kukaa ndani ya mfumo endeshi na kusema anaumwa wapi.

Akawaita mafundi watatu kwa majaribio, kila mmoja na zana yake. Aliwaambia wazi kwamba Bimkubwa hawezi kuzibeba zote. Kumchungulia mtu nako kunamchosha anayechunguliwa, na siku walipozijaribu zote pamoja mashine ilikwama kabisa. Itabaki zana moja, na mwenye zana hiyo ndiye atakayeajiriwa. Wawili watafungasha.

Wa kwanza alikuwa Rukaya, na kipaji chake kilikuwa jicho. Zana yake ilionyesha kinachotokea sasa hivi: programu gani inafanya kazi, inakula kumbukumbu kiasi gani, diski inahangaika namna gani. Rukaya aliutazama ule ukurasa wa tarakimu zinazorukaruka kama mpishi anavyotazama maziwa jikoni, na mara zote aliinua mkono kabla hayajafurika.

Wa pili, Mfaume, kipaji chake kilikuwa kutosahau. Zana yake haikuwa na haraka. Ilichukua vipimo kidogo kidogo mchana na usiku, ikavihifadhi kwenye kompyuta mpakato yake, ikachora mistari ya kupanda na kushuka. Ukimwuliza Mfaume mashine inaendeleaje, atakujibu ilivyokuwa juzi. Wenzake walimcheka sana kwa hilo, naye alicheka nao.

Wa tatu, Aikande, alikuwa mfuatiliaji. Zana yake haikujali mashine nzima. Ilishika programu moja tu na kuandamana nayo hatua kwa hatua: imeombwa nini, imekwenda wapi kukitafuta, imesimama wapi kungoja. Aikande hakuwa na maneno mengi, lakini akishika jambo haliachii. Mimi watu wa namna hiyo nawapenda, ingawa kuishi nao nyumba moja ni kazi.

Basi alasiri moja, zamu zikiwa zinabadilishana, simu ikalia kutoka wodi ya wazazi. Wakati huo Mfaume alikuwa amekwisha kumaliza majaribio yake, ilikuwa zamu ya zana ya Rukaya, na ya Aikande ilikuwa bado. Sauti ya upande wa pili ilisema kwamba mama anayeitwa Tunu amejifungua mtoto wa kike salama, lakini damu inamtoka na haikatiki. Kundi lake ni la nadra na jokofu la wodi halina. Kama mfuko upo mahali popote mkoani, anayejua ni Bimkubwa peke yake. Karani wa benki akaandika kundi hilo, akabonyeza “tafuta”. Skrini ikaganda.

Dokta Mwombeki akataka mashine izimwe na kuwashwa upya. Ni dawa tuliyoizoea sote, na mimi ningeagiza hiyo hiyo. Ila Bimkubwa akizimwa huchukua muda mrefu kujikagua kabla ya kuamka, na Tunu hakuwa na muda huo. Rukaya akamzuia.

“Dokta, subiri kidogo. Mashine haijafa,” alisema. “Kumbukumbu imejaa, sasa inahamishia mizigo kwenye diski na kuirudisha. Inayoijaza ni programu ya ripoti.”

Rukaya alikuwa ameuona ugonjwa na mahali ulipo. Lakini hakujua kama programu ile ni mwizi au ni moyo wa mfumo, na akiuzima moyo atakuwa amezima vyote, pamoja na jibu la Tunu.

Hapo Mfaume akafungua kompyuta yake, ambako vipimo vya siku zake vilikuwa vimetulia vinangoja. Mstari ulipanda alasiri, ukashuka, ukalala. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa yake vilevile. Saa nyingine zote watu walitafuta damu wakapata, na programu ya ripoti ilikuwa haifanyi chochote.

“Siyo moyo,” Mfaume alisema. “Mashine inaishi bila hiyo siku nzima. Hiki kinacholetwa saa hii kinaletwa na watu.”

Wakaizima. Kabla Dokta hajashusha pumzi, programu ikaamka tena na kujaza kila mahali palipoachwa wazi. Wodini walipiga simu mara ya pili, na safari hii muuguzi hakumaliza hata salamu.

Aikande alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. Akamwomba Rukaya azime zana yake ili ya kwake ipate nafasi.

“Nikizima sitaona kitu,” Rukaya alisema.

“Najua, dada. Na mimi nikikosea hutaweza kuniambia.”

Rukaya akazima. Mtu anayeishi kwa jicho lake alilifumba mwenyewe, mbele ya mkuu ambaye angemwajiri au kumwambia kwaheri. Kila nikifika hapa moyo wangu unalainika.

Aikande akaishika programu ya ripoti na kuandamana nayo. Akaona vituo vyote vinaiomba orodha ya mifuko yote kwa wakati mmoja, tena maombi yale yale yakirudiwa. Karani aliposikia hivyo akajishika kichwa, akawaeleza. Mkoani kwao kulikuwa na desturi ya kukabidhiana zamu: anayetoka haondoki mpaka anayeingia auone kila mfuko kwa macho yake. Enzi za kufungua jokofu na kuhesabu kwa kidole, ilikuwa desturi nzuri mno. Kompyuta ilipokuja wakaendelea nayo, wakawa wanafungua “mifuko yote”, na Bimkubwa kwa utii wake akawaletea yote kweli, hata ile iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya watu miaka iliyopita. Orodha ikichelewa, muuguzi anabonyeza tena, na tena. Hakukuwa na mzembe hata mmoja. Walihakikisha kwa bidii mpaka wakaziba njia.

Aikande akayafungia mlango maombi hayo peke yake, asiguse mengine. Skrini ikashtuka, na jibu alilokuwa akilingoja karani likatokea: mfuko upo, jokofu la kituo cha Lumbeko, mwendo mfupi kwa pikipiki. Ukaletwa. Jioni ile Tunu, akiwa bado amelala chali, alimnyonyesha mwanawe kwa mara ya kwanza.

Siku iliyofuata Dokta Mwombeki aliwaita mafundi wake, akawaambia wachague wenyewe zana itakayobaki, kwa kuwa wao ndio wanaozijua. Alijiandaa kuamua ugomvi.

Rukaya akamtaja Mfaume. Alisema yeye aliuona ugonjwa kwa sababu tu alikuwa kwenye kiti chake. Angekuwa amekwenda kula, jicho lisingeona kitu, na zana ya Mfaume haiendi kula.

Mfaume akamtaja Aikande. Alisema mistari yake ilionyesha ugonjwa ule tangu mwanzo na haikumponya mtu, mpaka alipopatikana wa kufika kwenye mzizi.

Aikande akamtaja Rukaya.

“Zana yangu lazima ielekezwe pa kushika,” alisema. “Bila yeye ningeandamana na programu isiyohusika, huku mama anaisha.”

Dokta akacheka. Alikuwa na kura tatu kwa watu watatu, na kila mmoja alikuwa ametoa kazi yake mwenyewe ili mwenzake abaki. Akatoka kwenda wodini, akamkuta Tunu anapangusa uso wa mtoto. Akamweleza yote, akamwomba yeye aamue. Tunu akasema hawezi, kwa sababu akimtoa mmoja wao haoni ni kwa njia gani angekuwa hai.

Sasa msikimbilie kujibu. Wewe uliyekwisha kufungua mdomo, ufunge kwanza. Desturi ya zamu imerekebishwa, kwa hiyo ugonjwa ule haurudi. Utakaokuja hakuna anayeujua. Na siku ukija, kitandani huenda asiwe Tunu. Huenda akawa dada yako, au mke wako, au wewe. Zana ni moja, wawili lazima waondoke, na Dokta amekosa wa kumsaidia, ndiyo maana amekuja kwako. Je, wewe ungemwacha nani akae na Bimkubwa?