Kwa Nini Msema Makubwa Huitwa Mpiga Chuku

Sogeeni basi, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Zamani, zamani kabisa, kupiga chuku kulikuwa kazi ya mikono, si ya mdomo. Chuku ilikuwa pembe tu. Mpiga chuku aliuweka mdomo mpana wa pembe hiyo mgongoni kwa mgonjwa, akaifyonza hewa yote kupitia kitundu kilichotobolewa kwenye ncha, kisha akakiziba kwa nta. Pembe ikashika ngozi, ikavuta damu chafu, mgonjwa akaenda zake. Ama yule aliyedai kumwona panya mwenye ukubwa wa mbuzi, huyo hakuwa na jina lake maalumu. Aliitwa mwongo, akafukuzwa barazani.

Siku hizo, kando ya mto Ruvu, aliishi mpiga chuku mmoja, Sihaba, pamoja na mumewe Mwinshehe, mrina asali. Walipendana mpaka majirani wakachoka. Mwinshehe akirudi porini, sega la kwanza lilikuwa la Sihaba, na nta yote ilikuwa ya Sihaba. Mwinshehe alikuwa mtu wa maneno machache na ya kweli; akiona nyuki wawili, alisema wawili. Lakini warina walikuwa na mwiko wao. Juu ya mti, hata ukitafunwa na mzinga mzima, hupigi kelele wala hutamki "inauma", kwa sababu nyuki wakiisikia wanachachamaa. Unasema maneno mengine yoyote yale, taratibu, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, mpaka ufike chini.

Siku moja tawi likakatika. Mwinshehe akaanguka, akachanika muundi, na jeraha likakataa kufunga. Likageuka donda ndugu, lile linalomganda mtu kama jamaa aliyekuja kusalimia tu, kisha akahamia. Likatoa maji, likanuka. Baba yake mkubwa, mzee Pazi, alikuja kulitazama, akainama. Alikuwa amemzika mwanawe wa kumzaa kwa donda kama hilo, kwa kuchelewa kuukata mguu.

"Sihaba mwanangu," akasema, "mwezi ukiandama nitakuja na kisu. Afadhali tubaki na Mwinshehe wa mguu mmoja kuliko kukosa vyote."

Sihaba akaitikia kwa adabu, lakini moyoni hakukubali. Mrina wa mguu mmoja atapanda mti gani? Alimjua mumewe: akikosa miti, atakaa uani akinyauka huku anasema hakuna kitu.

Wazo lake lilikuwa hili. Ikiwa chuku huvuta uchafu uliojificha chini ya ngozi, itashindwaje kuuvuta huu ulio wazi? Hakuna aliyewahi kuiweka juu ya donda, na mara akaona sababu yake. Pembe ya nyati ilivuta kwa nguvu, lakini ilikuwa nzito, na kila Mwinshehe alipojigeuza iling'oka. Pembe ya mbuzi ilikaa vizuri, lakini ilichoka kabla maji hayajatoka. Akichonga ukingo ukawa mwembamba, uliziba sawasawa lakini ukakata ngozi; akiuacha mnene, haukukata lakini ulivuja. Nta ngumu ilipasuka, nta laini iliyeyuka kwa joto la homa. Lo! Kila alichokipata kilimnyang'anya kingine. Alichonga na kukanda mpaka vidole vikaota sugu, na usidhani hakutukana. Alitukana pembe, akamtukana na mnyama aliyeizaa.

Mwisho akachukua pembe ya mtamba wa ng'ombe, si kubwa si ndogo. Ukingo akaupaka nta iliyokandwa kwa mafuta ya nyonyo. Ndani ya donda akalaza kipande cha dodoki lililochemshwa, ili maji yapate njia na pembe isiivute nyama yenyewe. Ikashika, ikatulia.

Likabaki jambo moja tu, nalo ndilo lilikuwa kubwa: avute kiasi gani? Akivuta kidogo, uozo unabaki. Akivuta sana, nyama changa inakosa damu, inakufa. Pembe haina mdomo wa kusema. Wa kusema ni mwenye mguu.

"Inauma, mume wangu?"

"Hakuna kitu."

Akafyonza tena. "Na sasa?"

"Hakuna kitu. Vuta tu, mke wangu."

Naye akaamini, kwa kuwa mtu huyo hakuwahi kumdanganya hata kwa kijiko cha asali. Akavuta. Alipoing'oa pembe, kingo za donda zilikuwa zimekuwa nyeusi.

Sihaba aliketi chini akalia kwa sauti. "Mwinshehe, utaniua! Mimi nakuuliza ya hapa chini, wewe unanijibu ya juu ya mti!"

Mwinshehe akaona haya. Aliapa kwamba safari hii atasema kweli. Pembe ikawekwa tena, na kweli alijaribu, lakini mdomo uliofundwa tangu utotoni haukukubali. Lile neno lilimkwama kooni, na badala yake yakatoka mengine, taratibu, kwa sauti ile ile ya kubembelezea nyuki. Akasimulia mzinga aliowahi kuukuta kwenye mti mkavu. Sihaba akafyonza. Mzinga ukawa mkubwa kama ghala. Akafyonza zaidi. Nyuki wakawa kama kunguru, wakambeba Mwinshehe kwa mkanda wa suruali, wakamvusha mto Ruvu, na viboko wote wakatoa vichwa kumpungia mkono.

"Viboko wana mikono?" Sihaba akauliza, kisha akautazama uso wa mumewe. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni.

Polepole akaikwangua nta kwa ukucha, hewa kidogo ikaingia. Viboko wakazama. Akakwangua tena. Nyuki wakarudi kuwa nyuki, mzinga ukarudi kwenye mti mkavu, na Mwinshehe akashusha pumzi. Sihaba akaziba, akafyonza, akasikiliza. Viboko haooo wameibuka! Ala! Alicheka huku machozi yanamtoka. Kumbe mumewe alikuwa anamwambia kweli tupu, ila kwa lugha yake.

Tangu hapo hakumuuliza tena. Alimwacha aseme, naye akalitega sikio. Mzinga ukiwa wa kawaida, chuku haifanyi kazi, aliongeza kufyonza. Ukifika ghala, hapo ndipo penyewe, aliiacha. Kunguru wakianza kuruka, aliilegeza nta, akampumzisha, kisha akaanza upya. Majirani waliopita nje ya ua walisikia habari za viboko wapunga mikono, wakashangaa. Mwinshehe huyu mkweli amepatwa na nini?

"Mwacheni," Sihaba alijibu kutoka ndani. "Ni chuku hiyo."

Mwezi ukaandama. Mzee Pazi akaja na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, uso umemwiva kwa kulia njiani. Sihaba akajitupa mbele ya mguu wa mumewe. Mzee akamsogeza bila hasira, akaliondoa dodoki, akainama. Donda halikunuka. Chini yake kulikuwa na nyama nyekundu, yenye vichembe vichembe, imejaa karibu kufika juu. Mzee hakuyaamini macho yake. Akaibonyeza pembeni kwa kidole.

"Inauma, mwanangu?"

Sihaba alitega sikio, akingojea viboko.

Mwinshehe akautazama mguu wake, kisha akamtazama mkewe. "Inauma, baba mkubwa," akasema. "Inauma kidogo."

Basi. Hakuongeza neno. Mzee Pazi alikirudisha kisu kwenye kitambaa, akatoka nje kulia vizuri. Sihaba alilia pale pale, akakiweka kichwa kifuani kwa mumewe, na yeye akambembeleza kama anavyowabembeleza nyuki.

Na tangu siku hiyo, pembe ya chuku ni ya wastani, na nta yake hulainishwa, ili ukucha uweze kuilegeza. Na tangu siku hiyo, mtu akisimulia jambo likawa kubwa kuliko lilivyokuwa, hatuharakishi kumwita mwongo. Tunasema anapiga chuku, tunacheka, tunampa kiti.

Lakini Sihaba hakucheka haraka. Mwinshehe alirudi mitini, akazeeka salama na kovu lake. Mara mojamoja, wakiwa wanakula, alianza habari ya samaki aliyemfukuza mpaka mlangoni, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Sihaba aliunyoosha mkono, akamkwangua gotini kwa ukucha, polepole, kama anayelegeza nta. Samaki akapungua, akapungua, akawa kidagaa. Kisha Mwinshehe alimwinamia mkewe, akamwambia sikioni ni wapi palipokuwa panauma.