Pimbi Anahamisha Nyimbo za Mama Yake

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa nyimbo zako na ruhusa ya jirani!
Mmekasirika?
— Tumekasirika!
Hamjakasirika bado. Ngojeni nianze.

Hapo kale, si kale sana, maana simu zilikuwepo na chaji ilikuwa inaisha vilevile, Pimbi aliishi juu ya mlima wa mawe. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, mkia hana, na hasira zake ukizigawa kijiji kizima, kila mtu anapata na nyingine zinabaki za wageni.

Mama yake, marehemu Bi Mwanahija, alikuwa mwimbaji. Akiimba, mawe yalikuwa yanasogea karibu yasikie vizuri. Msinibishie, nendeni mkaangalie, mpaka leo yamebanana hukohuko.

Nyimbo zake zote Pimbi alizinunua kwa Kiboko, mwenye mto. Siku hizo kila wimbo ulikuwa unapita kwa Kiboko. Anaudaka, anautia kwenye programu yake ya simu iitwayo Mtungi, anaupiga kufuli, kacha! Halafu anakuuzia. Ukitaka kusikiliza, Mtungi kwanza unamuuliza Kiboko: "Nimwimbie?" Akisema ndiyo, unaimba. Akiwa amelala, kimya. Na mtandao wa Kiboko unaishia ukingoni mwa mto. Mlimani haupandi, kama yeye mwenyewe asivyopanda.

Sasa binti wa Pimbi, Riziki, anaolewa. Na mapimbi wana mila yao: biharusi hatoki ndani mpaka nyanya yake amwimbie wimbo wa kumtoa. Nyanya akiwa amefariki, sauti yake inatosha. Sauti isiposikika, biharusi anabaki ndani, bwana harusi anarudi kwao, na pilau wanakula nzi.

"Baba Riziki," mkewe akamuuliza, "wimbo wa mama uko wapi?"

"Uko kwenye simu."

"Basi upige, mtoto asije akaozea ndani."

Pimbi akabonyeza. Mtungi ukasema: Krrr! Mwenyewe hajaruhusu.

"Mwenyewe nani? Mama yangu, simu yangu, wimbo nimenunua!"

Krrr! Mwenyewe hajaruhusu.

Pimbi akaruka juu hali amekaa. Hasira zikampanda mpaka manyoya yakatoa moshi, majirani wakadhani anachoma mkaa.

Palikuwa na programu nyingine, Kibuyu, ya bure, haimuombi mtu ruhusa. Pimbi akautoa wimbo kwenye Mtungi, akauhamishia kwenye Kibuyu. Akabonyeza. Puuu! Kimya. Wimbo umehama na kufuli lake. Akaubadilisha jina, akauita "Mahubiri ya Kobe". Akabonyeza. Puuu! Akazima simu, akawasha, akaitikisa, akaitemea mate, akaitukana ukoo wake wote. Puuu!

"Hata fisi ukimvisha kanzu haswalishi," mkewe akasema. "Nenda kwa mwenye kufuli ukaombe."

Pimbi akateremka mtoni, akisaga meno njia nzima, kokoto zikawa unga.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

Kiboko hata marahaba hakusema. Akapiga mwayo kwanza, mwayo wa kumeza nyumba. "Sema, we usiye na mkia."

"Naomba unifungulie wimbo wa mama yangu nikaupige nyumbani. Mtoto anaolewa."

"Aolewe hapahapa mtoni."

"Mapimbi hatuogelei, Bwana Kiboko."

"Basi asiolewe." Mfff!

"Lakini nilinunua!"

"Ulinunua kusikiliza, mjukuu wangu. Hukununua kuchukua."

"Ni sauti ya mama yangu!"

"Mama yako, kufuli langu."

Jamani! Pimbi alitetemeka mpaka mto ukapata mawimbi. Alitaka kumng'ata pua. Lakini umng'ate kiboko kwa jino gani? Akaimeza hasira yake. Ikashuka kama jiwe, ikakaa tumboni, na ilipokaa ikaanza kufikiri.

"Sawa, Bwana Kiboko," akasema, sasa kwa upole. "Mimi narudi. Ila usiwasikilize wale wa kule juu."

"Wanasemaje?"

"Mimi simo."

"Wanasemaje, we mfupi?"

"Wanasema Mtungi wako sauti hauna. Tembo anasema ni mbu ndani ya chupa."

"Mbu?"

"Ndani ya chupa. Na nyimbo zimeshaozea humo, ndiyo maana unazificha."

Kiboko akavimba. Akavimba, akavimba, mto ukafurika, kambale wakajikuta kwenye mashamba ya mahindi wakiulizana njia. "Leteni spika!" akanguruma. Mamba wakazikokota, kila spika kama darasa la kwanza pamoja na wanafunzi wake.

Pimbi akaweka simu yake juu ya jiwe, Kibuyu kimefunguliwa, kinarekodi taratibu.

"Hiyo simu ya nini hapo?" Kiboko akauliza.

"Iliingia maji kwenye kijito, naianika."

Kiboko akacheka mpaka akapaliwa. "Mshamba! Simu iliyoloa inatiwa kwenye mchele!"

"Mchele wote umekwenda kwenye pilau, Bwana Kiboko."

"Ianike, ianike! Mtungi, imba! Imba zote, wasikie mbinguni!"

Basi Mtungi ukaimba. Dum-didi-dum! Bi Mwanahija akapasua anga:

*Toka mwanangu utoke, jua limekuja kwako,*
*Lia kidogo ucheke, huko nako pia kwako.*

Kiboko kila wimbo ukinoga anapanua mdomo, anapayuka: "Mnasikia huko juu? Hazitoki hizi! Hazitoki! Mfff!"

"Bado inasikika kama mbu," Pimbi anamwambia.

Kiboko anaongeza. Dum-didi-dum! Majani yanapukutika.

"Hebu ule wa kumtoa biharusi, urudie. Tembo ana masikio makubwa lakini mazito."

Kiboko anarudia. Mpaka nyimbo zikaisha zote, mwenyewe hoi, ulimi nje.

"Imekauka simu yako?"

"Imekauka, Bwana Kiboko. Ahsante kwa jua lako."

Siku ya harusi, Riziki yuko ndani, kajifunika kanga. Wakwe wamejaa nje. Pimbi akafungua Kibuyu, akabonyeza.

*Toka mwanangu utoke...*

Wanawake wakashika vifua. Sauti ya Bi Mwanahija, ileile! Na katikati: "Hazitoki hizi! Hazitoki! Mfff!"

Wakwe wakatazamana. Pimbi akatamani jiwe limmeze.

Dada yake Bi Mwanahija, bibi kizee asiye na jino hata la kuazima, akagonga fimbo chini. "Mnashangaa nini? Mwanahija kaimba harusi zote za mlima huu, na hakukosa hata siku moja mlevi wa kumkatiza. Sauti ni yake. Toka, mwanangu!"

Riziki akatoka, analia, anacheka. Vigelegele vikapigwa mpaka mwezi uliokuwa haujachomoza ukachomoza kuangalia kuna nini.

Kiboko akavisikia. Akaja mbio hadi chini ya mlima. "Pimbi! Mwizi! Umevunja kufuli langu!"

Pimbi akasimama juu ya jiwe. Hakucheka. Alikuwa bado ana hasira. "Kaliangalie kufuli lako. Lina hata mkwaruzo?"

Kiboko akafungua Mtungi. Kufuli zima. Nyimbo zote zimo ndani.

"Sasa hizo zimetokaje?"

"Umezitoa mwenyewe, kwa spika zako, kwa ruhusa yako. Wimbo wa mama yangu ukishatoka mdomoni ni wa hewa, na hewa haina tundu la kutia kufuli. Na wakwe wanamuulizia yule mlevi anayepayuka kwenye wimbo. Wampe pilau au wampige?"

Kiboko akapanda hatua moja, akateleza, bingiri-bingiri-bingiri, chubwi! mpaka mtoni. Akazama kwa aibu. Mpaka leo yumo majini, masikio tu ndiyo yako nje, anayapukusa, puku-puku. Watu wanasema anafukuza nzi. Nzi gani? Mlimani wanacheza wimbo, na wakifika pale pa mlevi, wote wanapayuka kwa pamoja.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Imekunogea, ibebe, imekukera, ibebe hivyohivyo, haina mwenyewe wa kuuliza.

Funzo, watoto wazuri: mkubwa akifungia kitu chako, mshukuru, maana anakutunzia. Kaa kimya, usikasirike, ngoja ruhusa. Pimbi angengoja, binti yake naye angekuwa ametulia ndani mpaka leo, na adabu zake zote.