Shorobo Aliyekuja kwa Miguu

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyesimama?
— Aketi!
Aliyeketi?
— Afungue masikio!

Hapo kale, juu mlimani kwenye ukungu, aliishi ndege aitwaye Shorobo. Mgongo kijani, kishungi kijani. Lakini akikunjua mabawa, lo! Mekundu kama kaa la moto. Alikuwa na makinda wawili. Mwaka huo matunda yaliadimika. Msitu mzima ulibaki na mkuyu mmoja tu wenye makuyu, na mkuyu huo alikuwa ameukalia Kima.

Kima alijipiga tumbo, akatangaza: "Mwenye mabawa mekundu asiruke kuja hapa! Nikimshika, nitamnyonyoa!"

Siku ya kwanza Shorobo aliruka. Mabawa yakang'aa. "Mwekundu huyo!" Akafukuzwa. Makinda wakalala njaa.

Siku ya pili alijipaka tope. Ee, wanangu, mvua ya mlimani haipigi hodi! Ikanyesha, tope likachuruzika. "Mwekundu huyo!" Akafukuzwa. Makinda wakalala njaa, na mmoja hakuwa tena na nguvu ya kulia.

Siku ya tatu alikunja mabawa, akayabana. Akaja tawi kwa tawi, kwa miguu, tapu, tapu, tapu, mpaka mkuyuni.

"Nani huyo?"

"Mpita njia, Mzee Kima."

"Umeruka?"

"Mimi? Tazama miguu yangu ilivyochafuka!"

Kima akamtazama juu, akamtazama chini. Kijani kitupu.

"Haya, chuma. Wenye kutembea ni wenzetu."

Shorobo akachuma kuyu la kwanza, la pili, la tatu, akayabana mdomoni. Kima naye akasinzia, shibe imemlemea. Shorobo alipogeuka aondoke, akaona kivuli. Tai! Anamshukia mtoto wa Kima, aliyekuwa akichezea mkia wake tawini.

Mngefanyaje, wanangu? Akinyamaza, chakula kinafika nyumbani. Akifungua mabawa, ameumbuka.

Shorobo akafungua mabawa. Fuu! Wekundu usoni pa Tai! Akafungua na mdomo: "Kuru! Kuru! Kuru!" Makuyu yakaporomoka. La kwanza chini, la pili chini, la tatu puani pa Kima!

Tai akashtuka, akapinda, akapita patupu. Kima akazinduka, akamdaka mwanawe. Kisha akayaona yale mabawa.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Basi ninyonyoe haraka, makinda wananisubiri."

Kima akakuna kichwa. Akachuma makuyu, makubwa matupu, akamjaza mdomo.

"Wahenga walisema wema hauozi. Lakini kuyu likikaa, linaoza. Wapelekee upesi! Na kesho usije kwa miguu. Utachelewa."

Shorobo akaruka, makinda wakala wakashiba, ila ujanja ule wa miguu hakuuacha. Ndiyo maana hadi leo Shorobo hukimbia matawini akiwa kijani, na wekundu wake ameuweka chini ya bawa, akiba ya siku ya haja.

Hadithi yangu imeiva, imedondoka.
— Tumeiokota!
Kuleni utamu, mbegu mkaziangushe mbele.
— Zikaote!