Alamu ya Chini

Kaeni vizuri, ndugu zangu, niwape habari ya mtu mmoja na mdogo wake. Majina nayaacha. Nikitaja majina mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na ameoa wapi, na mimi leo nataka mnisikilize.

Palikuwa na mtu mmoja huko nyanda za juu, kwenye baridi ile ya kumfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili. Wakulima wa kijiji chake walipanda maparachichi, wakaungana kikundi, wakapata chumba cha ubaridi cha kuhifadhia matunda mpaka lori la mnunuzi lije. Ikabidi apatikane wa kukitunza. Wakamchagua yeye. Ni mtu mwaminifu, hilo halikuwa na ubishi, na zaidi ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye bucha mjini miaka tisa, kwa hiyo majokofu hayakuwa mageni kwake.

Fundi alipokuja kufunga mitambo alibandika kifaa kidogo ukutani, nje ya mlango, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kilikuwa na kioo chenye namba nyekundu za kuonyesha digrii za mle ndani. Fundi akamfundisha: shikilia kitufe hiki mpaka namba zianze kuwaka na kuzima, mshale huu unapandisha, huu unashusha, ukimaliza bonyeza tena ili kikumbuke. Akamwambia kina alamu mbili. Ya juu akaiweka kwenye nane, joto likipita hapo kinalia. Ya chini akaiweka kwenye nne, baridi ikizidi hapo kinalia pia.

"Katikati hapo ndipo parachichi linapoishi, mzee," fundi akasema. "Na kifaa hiki hakiendeshi mashine. Kazi yake ni kukuonyesha na kukuita. Kuitika ni kazi yako."

Yule mtu akasema ndiyo, ndiyo. Ya juu aliielewa mara moja. Ya chini ilimshinda. Nani amewahi kukilaumu chumba cha baridi kwa sababu ya baridi? Miaka tisa ya bucha, nyama haikuwahi kulalamika.

Sasa huyu mtu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, na kati ya nyumba zao kulikuwa na shamba la viazi tu. Walipokuwa vijana walipendana na kugombana kama ndugu wote. Kisha mama yao akaugua. Kila mmoja alitaka mama auguzwe kwake, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, walifokeana mpaka majirani wakatoka nje. Mkubwa alimchukua mama kwa ubabe. Mama akafia kwake, na mdogo alipofika alikuta ameshafunikwa shuka. Maneno waliyorushiana siku hiyo, mbele ya maiti ya mama yao, sitayarudia hapa madhabahuni.

Matanga yalipokwisha, mkubwa akamwambia mdogo: "Mimi na wewe tusigombane tena. Imetosha." Na kweli, hawakugombana tena. Miaka minne. Wakikutana njiani, hujambo, sijambo, watoto wazima, wazima, kila mtu na njia yake. Mkubwa aliposikia kwamba mdogo wake anasumbuliwa na tumbo, alimtuma mtu apeleke kilo mbili za sukari na salamu. Mwenyewe hakwenda, kwa sababu akienda watazungumza, wakizungumza watamfikia mama, na wakimfikia mama moto utawaka. Kwa hiyo alikaa kwake, kwa ajili ya amani.

Watu wakasema wale ndugu wamepatana. Mchungaji wao aliwataja ibadani kama watu wa kuigwa. Sisi wachungaji nasi tuna ya kujibu.

Na yule mkubwa kila alipopiga magoti jioni alijiuliza swali moja tu. Je, leo nimemkasirikia mdogo wangu? Hapana. Basi anasema amina, anajifunika blanketi. Niambieni, ndugu zangu, hiyo ndiyo amani? Msinijibu bado.

Ukafika msimu wa mavuno, mwezi wa saba, umande ukawa unaganda juu ya majani ya viazi. Wanachama wakaleta makreti yao, chumba kikajaa mpaka mlangoni. Na kile kifaa kikaanza kulia. Si kwa joto. Namba ilikuwa inasoma tatu na nusu. Yule mtu akabonyeza kitufe, kikanyamaza. Baada ya muda kikalia tena. Akashikilia kitufe, akashusha alamu ya chini kutoka nne mpaka tatu. Kikakaa kimya siku moja, asubuhi ya pili yake kikalia tena. Hakujiuliza kwa nini mashine haipumziki. Alichoona ni kifaa chenye kelele.

Asubuhi hiyohiyo mdogo wake akafika na makreti yake ya mwisho. Alikuwa amevaa koti ambalo zamani lilimkaa vizuri, sasa mabega yake yalikuwa yamepotelea ndani. Mkubwa aliliona hilo koti. Nawaambia aliliona, na moyo ulimsukuma aulize, mbona umekonda hivi, mdogo wangu? Akaumeza ule msukumo. Akageukia kifaa.

"Kinalia nini, kaka?" mdogo akauliza.

"Kinasema ni baridi."

"Na si ni chumba cha baridi?"

"Ndiyo hapo nashangaa na mimi." Akashikilia kitufe, akabonyeza mshale mara kadhaa mpaka akapata pa kuizima kabisa ile alamu ya chini. Ya juu akaiacha. Kimya kikatawala. "Haya. Afadhali tupumzike masikio."

Mdogo hakuondoka. Alisimama pale akishikilia ukingo wa meza. "Kaka, nilikuwa na jambo la kukwambia. Una nafasi?"

"Sema," mkubwa akajibu, huku kalamu ikiwa mkononi na macho kwenye daftari la makreti.

Mdogo akamtazama kwa muda. Hakuona hasira usoni pa kaka yake. Hakuona kitu chochote. "Basi," akasema. "Hata si la haraka. Ubaki salama, kaka."

"Haya, salimia nyumbani."

Wiki mbili zikapita. Kila asubuhi yule mtu aliandika kwenye daftari: mbili na nusu, mbili, moja na nusu. Aliandika kwa moyo mweupe kabisa, akijua matunda ya watu yamekaa mahali pa ubaridi wa uhakika. Alamu ya juu ilikuwa macho, na haikulia hata mara moja. Angeogopa nini?

Mkaguzi wa mnunuzi alipofika, wanachama wote walikuja na nguo za kutokea. Mkaguzi akasifu. Ngozi ya kijani, nzuri, bila doa. Akachagua maparachichi kumi, akayaweka mezani siku nne yalainike. Siku ya nne akayakata mbele ya watu. La kwanza lilikuwa la kijivu ndani, na mishipa myeusi imetambaa mpaka kwenye kokwa. La pili hivyohivyo. Akakata yote kumi, kisha akaomba mengine, na alipofika la ishirini mama mmoja akamwambia, mwanangu, acha, tumeona. Watu hawakupiga kelele. Walirudi makwao mmoja mmoja, na jasho la msimu mzima likatupwa shimoni.

Fundi akaitwa. Akafungua mashine, akakuta swichi imenata, ndiyo maana haikuwa inapumzika. Halafu akaja kwenye kifaa, akashikilia kitufe, akasoma.

"Alamu ya juu ipo. Ya chini iko wapi?"

"Niliizima."

"Kwa nini, mzee?"

"Sikujua kama baridi inaua."

Fundi hakumgombeza. Labda ingekuwa heri angemgombeza. Alimwambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: "Kifaa kingekuwa hakipo kabisa, joto ungelijua tu. Matunda yangeiva, yangenuka, nzi wangejaa mlangoni, ungekimbia mwenyewe. Baridi haina harufu. Tunda linakufa ndani na nje linapendeza. Kama ningelazimishwa kukuachia alamu moja, mzee, ningekuachia hiyo uliyoizima."

Yule mtu alikaa kwenye kreti tupu. Watu walidhani anawaza hasara. Hakuwa anawaza hasara. Aliliona koti. Akaona mkono wa mdogo wake ulivyoshika ukingo wa meza, akaelewa kwamba haukuwa umeegemea tu, ulikuwa unajizuia usianguke. Akainuka bila kuaga mtu, akakata katikati ya shamba la viazi, njia ambayo miguu yake haikuikanyaga kwa miaka minne.

Alimkuta shemeji yake uani anaanika shuka. Ndani mdogo wake alikuwa kitandani, amebaki mifupa na macho. Saratani, na daktari alishawarudisha nyumbani. Mkubwa akapiga magoti pale sakafuni.

"Mdogo wangu, nimeharibu maparachichi yako. Yameharibika yote."

"Nimesikia. Pole, kaka."

"Sikuja kwa ajili ya maparachichi. Nimekuja kukuomba msamaha. Habari ya mama. Na hii miaka yote."

"Sina neno na wewe, kaka."

"Usiseme hivyo. Nifokee. Nifokee kama siku ile."

Mdogo akamtazama kwa upole, upole ule ambao mtu anampa mgeni. "Nifoke nini, kaka? Nguvu yenyewe iko wapi. Shemeji yako anakuletea chai, unywe."

Hapo mkubwa akaanza kulia. "Siku ile kule stoo, ulikuja kuniambia nini?"

"Nilikuja kukukabidhi watoto."

Mnajua, ndugu zangu, kwetu jambo hilo lilivyo. Mtu akiona safari imefika, humwita ndugu yake, akaweka mikono ya wanawe ndani ya mikono yake. Hakuna urithi mkubwa kuliko huo. Yule mdogo alipanda kilima na tumbo lake lenye uvimbe, na makreti, apate mahali pa kulisema.

"Basi nikabidhi sasa," mkubwa akasema. "Niko hapa. Nikabidhi."

"Nimeshamkabidhi jirani, yule tunayeimba naye kwaya. Mbele ya mashahidi." Akavuta pumzi. "Nilipomwambia, alilia, kaka. Nikaona huyu atanilelea wanangu."

Alifariki baada ya siku kumi na moja. Kaburini yule jirani ndiye aliyesimama na watoto, mmoja kamshika huku, mwingine kule, na yule mdogo kabisa mgongoni. Baba mkubwa wao alisimama na wageni. Alipoitwa aseme neno la ukoo, alifungua kinywa akasema, "Mimi na ndugu yangu, miaka minne, hatukugombana." Akaishia hapo. Hakuwa na kingine cha kusimulia.

Sasa tujitazame sisi.

Sisi humu kanisani alamu ya juu tumeiweka, tena tumeiweka sawasawa. Mtu akilewa, tunajua kabla ya jogoo kuwika. Mume na mke wakipigana, wazee wa kanisa wanaitwa. Mtu akifumaniwa, anatengwa na meza ya Bwana. Lakini hebu nikumbusheni, maana umri unaenda na mimi nasahau: ni lini wazee wa kanisa waliwahi kumwita mtu kwa kosa la kunyamaza? Nani alishatengwa kwa sababu anamsalimia ndugu yake vizuri na hamjui tena? Mnakaa benchi moja. Mnapeana mkono wa amani kwa ncha za vidole. Ndoa zimo humu ambazo hazijasikika sauti ikipanda kwa miaka kumi, na majirani wanazisifu, na mimi nimezisifu, na ndani ni kijivu mpaka kwenye kokwa. Mungu anisamehe kwa sifa hizo.

Tunamwambia Mungu jioni, sijamchukia mtu. Vema. Hatujaulizwa hilo peke yake.

Kwa hiyo leo sitaleta maombi ya kufunga ibada, na sadaka itangoja. Kila mmoja wenu amefikiria mtu, nimeziona nyuso zenu nilipokuwa nasimulia, na mzee mmoja hapo mbele ameshatoa kitambaa. Wengine mtu wenu mmekaa naye humuhumu, msihangaike kwenda mbali. Inukeni mwende. Hata mkigombana kidogo, gombaneni, mtakuwa bado mna kitu. Na ukifika, usimwulize kama ana neno na wewe, atakwambia hana. Mwulize siku ile alikuja kukwambia nini.