Ufunguo Kwenye Pindo la Kanga

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi. Mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia, "Samahani, pale katikati nilipitiwa." Pale katikati ndipo penyewe.

Palikuwa na mjane mmoja wa Njombe, Mama Ipyana, na watoto wake watatu, wote watu wazima wenye watoto wao. Mungu alipowagawia vipaji alikuwa makini sana. Hakuna aliyekosa, na hakuna aliyepewa viwili.

Ipyana, kifungua mimba, alipewa masikio. Alikuwa fundi wa magari, na hata akiwa ndani anakula, gari likipita nje husema bila kuinua kichwa, "Beringi ya nyuma ya huyo haifiki Ijumaa." Na kweli haikufika.

Tumpe, wa katikati, alipewa mikono. Kuku aliyewashinda wanaume watatu, Tumpe humkamata mara moja. Baba yake alimfundisha kuendesha gari kabla hajaolewa, na mume alipomwacha na watoto, mikono hiyo ndiyo aliyobaki nayo.

Lwitiko, kitinda mimba, alipewa macho. Ukungu wa Makete ukishuka, wewe huoni hata viatu vyako, yeye anakuambia ng'ombe aliyesimama kule mbele ni dume au jike. Watu walikuwa wanacheka, wanaenda kuangalia, wanarudi wamenyamaza.

Baba yao alipofariki aliacha Landrova moja, kuukuu kuliko Lwitiko. Handbreki yake ilikufa zamani. Likisimama, mtu anaruka kuweka jiwe chini ya gurudumu. Lakini wakati wa mvua, magari mengine yakiwa yamelala kwenye matope, hilo linapanda. Wote watatu walilitaka, na msikimbilie kusema nani alikuwa na tamaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki yake. Ipyana ndiye aliyelifufua kila lilipokufa. Tumpe alikuwa na mazao ya kusomba na midomo ya kulisha. Lwitiko ndiye aliyebaki karibu akimpeleka baba hospitali na gari hilohilo, mpaka safari ya mwisho.

Siku ya kuanua tanga wakagombana mbele ya wageni. Tangu hapo kila mmoja alikuja kumsalimia mama kwa siku yake, baada ya kuhakikisha wenzake hawapo. Mama Ipyana akawa anapika kwenye sufuria ndogo. Jambo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe, maana msiba alikuwa ameshautarajia.

Ikafika likizo ya Desemba. Mama akawaita wote watatu siku moja bila kumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Walipokutana mlangoni, wakatazama chini.

"Kaeni," akasema. "Baba yenu aliniahidi kunirudisha tena kwetu Ilondo kwa njia ya milimani, njia ileile aliyonileta nayo nikiwa bibi harusi na tuliyokuwa tukiiteremka enzi za ujana. Kifo kikamuwahi. Mtanipeleka ninyi. Tukifika, ufunguo nitauweka kwenye kiganja kimoja, cha yule aliyenifikisha. Na watakaokosa, mtu asinune."

Wakakubali palepale. Kila mmoja alikuwa na hakika ni yeye.

Safari yenyewe ilikuwa ya kubana matumizi, kwa sababu cha kutapanya hakikuwepo. Walibeba jiko la mkaa, unga, dagaa na turubai, na hawakulala gesti hata mara moja. Makete walikuta viazi vinauzwa kando ya barabara karibu na bure, wakajaza magunia nyuma ili wakiviuza Ilondo safari ijilipe yenyewe. Wazo hilo wote walilipenda. Lilikuwa jambo la kwanza kulipenda pamoja kwa muda mrefu.

Nchi ilikuwa nzuri mno. Kwenye uwanda wa Kitulo maua yalikuwa yamechanua mpaka miguuni mwa vilima, ya njano, meupe, ya zambarau, na upepo ukiyapitia yote yanalala upande mmoja. Mama Ipyana, kiti cha mbele, alikuwa anawaonyesha pale walipopumzika na marehemu, na pale marehemu alipodai ameona chui, kumbe mbwa wa mchungaji. Watoto walicheka. Lakini walicheka na mama tu. Jioni wamezunguka sufuria moja, utasikia, "Mama, mwambie Ipyana anisogezee chumvi." Chumvi yenyewe iko kwenye goti la Ipyana, na huyo anayeomba anaweza kuigusa kwa kiwiko.

Basi, wakafika ukingo wa korongo la Ilondo.

Hapo nchi inakatika ghafla. Barabara ya udongo inajipinda ubavuni mwa mlima, kushoto ukuta wa mwamba, kulia hakuna kitu, na chini kabisa mto unaonekana mwembamba kama uzi. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye sifuri, na kituo cha mafuta kiko huko chini. Tumpe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ipyana na Lwitiko walikuwa nyuma, wamekalia viazi.

Mama Ipyana akatabasamu peke yake. "Hapa baba yenu alikuwa anazima injini," akasema. "Anachomoa ufunguo, ananiwekea kiganjani. Ananiambia, 'Shika, mke wangu, kuanzia hapa tunakwenda bure.' Tunateremka kimya, mafuta hayaliwi hata tone."

Tumpe akasita. "Mama, yeye hakuwa na magunia nyuma."

"Mwanangu, mafuta yenyewe yako wapi?"

Tumpe akazima, akachomoa ufunguo, akamwekea mama kiganjani. Usukani wa magari yale ya zamani haujifungi, kwa hiyo gari likajiendea kwa uzito wake. Mama akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, fundo la nguvu, kama anavyofungia vitu vyote asivyotaka vipotee. Upepo ukaingia dirishani. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, na baada ya muda Lwitiko akaitikia, na Tumpe naye. Breki zilikuwa zinalia kila kona, lakini nani anajali breki kulia? Kisha hata kulia zikaacha. Mama akafikiri, afadhali, tusikilizane.

"Nyamazeni," akasema Ipyana.

Hakusema "Mama, waambie wanyamaze." Alisema mwenyewe.

"Breki zimenyamaza. Zimeungua. Tumpe, kanyaga, kanyaga sasa kabla ya kona."

Tumpe akakanyaga, na pedali ikaenda mpaka chini bila kushika chochote. Kama angengoja kuligundua hilo kwenye kona, mngekuwa mnasikiliza hadithi nyingine. Ila alijua mapema, akaubana usukani upande wa mlima, gari likasugua ubavu kwenye mwamba, cheche zikaruka, wakaipita kona ile na mwendo unaongezeka.

"Injini," akasema Tumpe. "Kaka, naiwashaje?"

"Ufunguo. Mama, ufunguo."

Mama Ipyana akalishika fundo. Vidole havikutii. Alikuwa amelifunga yeye mwenyewe, kwa furaha yake mwenyewe, na sasa linamkatalia. Akajiona akiwa amewabeba wanawe watatu kwenye pindo lile na kuwapeleka shimoni, kwa ajili ya tone la mafuta. Akalitia mdomoni, akalitafuna, akalivuta kwa meno mpaka likalegea. Tundu la ufunguo lilikuwa katikati, mbele yake. Akautumbukiza mwenyewe na kuuzungusha.

"Usitie gia bado," akasema Ipyana. Alikuwa amejipenyeza katikati ya viti, amefumba macho, sikio ameliegemeza karibu na boksi ya gia. Gari lile ukitia gia kwa pupa linazikataa, zinasagana, na ukizikosa mara moja hutazipata tena. "Klachi chini. Bado. Bado, dada. Sasa."

Tumpe akasukuma. Gia ikaingia bila kukwaruza, injini ikakohoa, ikawaka, gari zima likatetemeka na kuanza kujivuta. Lakini gia za kizee zina tabia ya kuruka zikielemewa, na hii ikaanza kuruka. Tumpe akaishikilia kwa mkono wa kushoto. Gia inamsukuma, naye anaisukuma, mishipa imemtoka mpaka shingoni, na mkono wa kulia peke yake unapindisha usukani wa gari lililojaa viazi, kona baada ya kona. Mama alisikia meno ya binti yake yakisagana.

Mwendo ukapungua, ila haukuisha. Mteremko ulikuwa mkali mno kwa injini peke yake, na mbele yao ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni.

"Siwezi kuishikilia muda mrefu," akasema Tumpe. "Lwitiko, nitafutie pa kugonga."

Lwitiko alishatoa kiwiliwili chote dirishani, vijiti vya kando vinamchapa mikono na uso. Wengine wote waliona weupe mtupu.

"Kuna vifusi viwili, vyote upande wa mlima," akasema. "Cha kwanza ni mawe, dada, kiache. Kipite."

"Sikioni."

"Kipite tu, nifuate mimi. Kulia kidogo. Kidogo tena."

Kulia ndiko kulikokuwa na korongo. Tumpe akaenda kulia kwa neno la mdogo wake tu, gurudumu moja likakanyaga ukingo, mama akaliona shimo chini ya mlango wa Tumpe, na lundo la mawe likapita kushoto nusura waliguse.

"Sasa kushoto. Huo ni mchanga. Ingia kabisa, dada, ingia."

Akaingia. Landrova ikazama kwenye mchanga wa watengeneza barabara mpaka kwenye taa, ikainua makalio, ikayashusha, ikazima. Mlango wa nyuma ukafunguka, viazi vikamwagika, vikabiringika barabarani na kudumbukia korongoni kimoja kimoja.

Mama Ipyana akahesabu vichwa. Vilikuwa vitatu. Akalia, kisha akacheka huku analia, maana ndipo alipogundua jambo. Tangu breki zinyamaze mpaka gari kusimama, hakuna aliyemwambia, "Mama, mwambie fulani." Walikuwa wameitana kaka, na dada, na Lwitiko, kama walipokuwa wadogo.

Furaha hiyo haikudumu. Wakashuka, wakajipangusa mchanga, na yule wa kwanza kupata pumzi akaitumia vibaya.

"Mama umeona mwenyewe," akasema Ipyana. "Kama nisingesikia, mngefika kwenye kona ile mnaimba. Na hizo gia, bila mimi zingeingia?"

"Mama, mwambie Ipyana kwamba kusikia hakuzuii gari," akasema Tumpe. "Aliyelizuia ni huu mkono hapa." Ulikuwa umevimba kutoka kifundo mpaka kiwiko.

"Mama, mwambie Tumpe kwamba alikuwa analizuia alipeleke wapi?" akasema Lwitiko. "Kwenye mawe? Nani alimwonyesha mchanga?"

Mama Ipyana akawasikiliza, na moyo wake ukarudi palepale ulipokuwa kwenye sufuria ndogo. Watu wa barabara wakaja, wakalichimbua gari, Ipyana akazimwagia breki maji zipoe na kuongeza mafuta ya breki, na jioni, polepole, kwa matone ya mafuta yaliyobaki, injini inanguruma njia nzima, wakaingia Ilondo. Shangazi na binamu wakatoka kuwalaki. Wote walishaisikia ahadi ile, maana habari hizo husafiri bila gari.

Mama akashuka. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo tena, ila safari hii hakufunga fundo. Akautoa. Watoto wakasimama mbele yake, wakanyoosha viganja.

Cha Ipyana kilikuwa cheusi kwa grisi, kimeungua pale aliposhika breki zikiwa za moto. Cha Tumpe kilikuwa na alama ya mpini wa gia katikati, na hakikuweza kukunjuka sawasawa. Cha Lwitiko kilikuwa kimechanika na vijiti, damu imekauka kwenye mistari. Mama akavitazama vyote vitatu, akamkumbuka yule aliyekuwa akimwekea ufunguo huohuo kiganjani na kumwambia tunakwenda bure.

Haya. Mimi nimefika mwisho wangu, sasa ni zamu yenu. Na msinijie na ujanja. Msiniambie gari liuzwe wagawane, mama alishakataa. Msiniambie alibaki nalo mwenyewe, hajui hata klachi iko wapi. Msiniambie wapokezane kwa wiki, hao hawawezi hata kupokezana chumvi. Ahadi ilikuwa kiganja kimoja, na ukoo mzima unaangalia.

Bila sikio la Ipyana, kona ya kwanza ingewameza. Bila mkono wa Tumpe, ya pili. Bila jicho la Lwitiko, ya tatu. Na mkitaka kunitatiza zaidi, kumbukeni nani aliyesema injini izimwe, na meno ya nani yaliyolifungua fundo.

Ufunguo uko hewani, juu ya viganja vitatu. Ungekuwa wewe ndiye Mama Ipyana, ungeuachia kwenye kipi? Na ukishauachia, hao wawili wengine ungewaambia neno gani, ili Desemba ijayo waje siku moja, na wewe upike kwenye sufuria kubwa?