Jiko la Bi Tusekile na Mjukuu Asiye na Jina

Hapo zamani, kule milimani ambako baridi ya jalidi huunguza viazi shambani, Bi Tusekile alikuwa na jiko kubwa la matofali, lenye bomba la moshi lililotokeza juu ya paa. Ndilo lililopasha nyumba joto. Lakini mwaka ule, loo, lilikula kuni bila haya! Mzigo asubuhi, mzigo jioni, na baridi ni ile ile. Ndani mlikuwa na mjukuu mchanga, mtoto wa binti yake, wa kike, hajapewa jina bado. Kila alipopiga chafya, Bi Tusekile alishikwa na hofu.

Kwao jina la mjukuu wa kwanza hutolewa na bibi. Kwa hofu hiyo akaropoka mbele ya wote, "Atakayelitia jiko hili adabu ndiye atakayempa mtoto jina!"

Weee! Nyumba ikachangamka.

Gwamaka, baba wa mtoto, akapanda juu ya paa, maana kwao mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Akafunga matawi kwenye kamba, akayashusha bombani.

"Mama, uko mbali na jiko?"

"Niko mbali, baba!"

Mbali wapi! Alikuwa ameinama akichungulia. Masizi yakashuka puu! Akatoka nje mweusi, meno tu ndiyo meupe. Gwamaka, kwa adabu ya ukwe, akageuza uso upesi, nusura aporomoke. Bi Tusekile akacheka mpaka akakaa chini.

Wifi yake, Numwagile, akakanda udongo na majivu, akaziba nyufa zote za jiko huku akikata kiuno.

Mume wa Bi Tusekile, Mzee Ambokile, hata kigodani hakuinuka. Akanyoosha fimbo kwenye kuni alizozipasua tangu mavuno na kuzianika chini ya upenu. "Acheni hizo mbichi. Chukueni zangu."

Wakawasha. Vijiti vichache tu, jiko likanguruma, nyumba ikajaa joto. Mtoto akajinyoosha, akajamba, akalala. Vigelegele!

"Nimelipatia jiko pumzi!" Gwamaka akapaza sauti kutoka nje. "Aitwe jina la marehemu mama yangu."

"Pumzi ya nini, joto likivuja? Nimelifungia ndani mimi. Aitwe Numwagile!"

"Kwa kuni mbichi mngeota moshi," akasema mzee. "Aitwe Majani."

"Mume wangu, Majani si ng'ombe wako?"

"Ng'ombe mwema kabisa!"

Bi Tusekile akajishika kichwa. Ahadi ni deni, na mtoto ameshaamka, anamkodolea macho. Haya, nyinyi mnaocheka, msaidieni bibi wa watu: nani alistahili kumpa mtoto yule jina?