Kindi na Lango la Mzee Nyati

Zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na ligi yao ya mpira, palikuwa na chuo kilichofundisha kuendesha timu na viwanja. Mwalimu alikuwa Korongo. Kila Alhamisi alimwalika mgeni mwenye kuifanya kazi hiyo, aje awaeleze wanafunzi.

Mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa Kindi. Hakutulia. Mara yuko kitini, mara yuko dirishani, mkia unapiga dawati, tap tap tap.

Alikuwa na sababu. Baba yake, Mungu amrehemu, alimwachia timu ya wanyama wadogo, na timu ile haikuwa na uwanja. Jumamosi isipocheza nyumbani, ingefutwa kwenye ligi.

Uwanja ulikuwa mmoja tu, wa Mzee Nyati. Naye alikwisha kukataa. "Wadogo? Nani atakuja kutazama panya wakikimbizana?"

Alhamisi ile, mgeni akawa Nyati mwenyewe. Aliingia, sakafu ikalia tii, tii.

"Shikamoo, Mzee," darasa likasema.

"Marahaba. Leo nawapa siri za kazi."

Akajisifu, akajisifu. Fisi alicheka penye kichekesho na pasipo kichekesho. Tembo alipiga makofi mpaka chaki zikaanguka.

"Kindi, kaa chini," alisema Korongo.

"Nakaa, Mwalimu. Nina swali moja. Mzee, unajuaje kama mechi itakuwa na watu, kabla haijaanza?"

"Kwa masikio, mjukuu wangu. Macho yangu hayaoni mbali siku hizi. Asubuhi nasikiliza barabarani. Nikisikia kelele za mashabiki nafungua lango, timu iwe ya nani. Shabiki akikuta lango limefungwa, harudi tena."

"Na ukishafungua?"

"Sifungi mpaka filimbi ya mwisho. Nikifunga kabla, nimeharibu jina langu. Andikeni hilo."

Wote wakaandika. Kindi hakuandika. Alikwisha kutoka kupitia dirishani.

Jumamosi asubuhi Nyati alikuwa nyuma ya lango lake, anatafuna majani. Akasikia dum, dum, dum. Kisha kroo, kroo. Kisha chirrr, masikio yakaziba. Vumbi likapanda juu ya ukuta.

"Mashabiki wa nani hao?" aliuliza.

"Wa Wadogo, Mzee. Fungua, wanasukumana," sauti ya Kindi ikajibu kutoka nje.

Lango likalia kwaaa. Nje walikuwapo kanga wachache wanachakura vumbi, vyura ndani ya ndoo, nyenje ndani ya kibuyu, na Kindi anapiga debe. Timu ya Wadogo ikapita chini ya tumbo la Nyati, jezi zimevaliwa tayari.

"Mashabiki wako wapi?"

"Wanakuja, Mungu akipenda."

"Umenichezea, we kijipanya cha mtini. Toeni timu yenu, nafunga."

Wakati huo Tembo na Fisi wakafika wakihema. Walisikia zile kelele tangu mtoni.

"Unafunga, Mzee?" Tembo akashangaa. "Juzi ulituambia lango halifungwi mpaka filimbi ya mwisho. Mimi niliandika."

"Hata mimi," alisema Fisi, na safari hii hakucheka.

Nyati akageuza kichwa. Barabarani walikuwa wanakuja ngiri na watoto wao, pundamilia, nyani na sinia za maandazi, kila mmoja anamuuliza mwenzake kuna nini huko. Nyati akaliachia lango, akasogea pembeni wapite.

Wadogo walifungwa mechi ile. Lakini walicheza, na jina lao likabaki kwenye ligi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Nyati alimkuta Kindi kwenye benchi, mahali alipokuwa akikaa baba yake. Mkia umetulia kabisa.

"Nani alikufundisha ujanja huu?"

"Wewe, Mzee. Alhamisi."

Nyati akafikiri kidogo. "Nilifundisha vizuri," alisema, akaenda kufunga lango lake.

Basi, wanangu, mgeni akija kuwafundisha, msimpigie makofi tu, muulizeni.